Punda Aliyekula Chakula Chetu

Tangu tumzike Umazi, mama yake yuko kwangu. Ndugu zake walitaka kurudi naye kwao Taru siku matanga yalipoanuliwa, lakini miguu ilikuwa imemvimba na safari ni ndefu, nikasema mimi: mwacheni akae kwangu mpaka apate nafuu. Watu wakanisifu. Jirani yangu alinishika mkono mlangoni akaniambia, "Una moyo, mwalimu. Mama wa wifi yako, si mama yako." Nikaitikia vizuri, nikaingia ndani, nikajifungia jikoni, kwa sababu mimi nilijua kwa nini namtaka yule mama akae. Nilikuwa na neno la kumwambia. Nimekaa nalo miaka thelathini na mitatu. Nilitaka kumwambia Umazi mwenyewe, nikachelewa. Sasa amebaki mama yake, naye umri umekwenda, na nikimkosa huyu sina tena wa kumwambia ila Mungu, na Mungu anajua.

Kilichonichoma zaidi nilikisikia kwenye matanga yenyewe, jioni ya pili. Wanawake tulikuwa tumeketi mikekani katika ukumbi wa kaka yangu Hamisi, mume wa marehemu, na kama ilivyo kwenye misiba, vilio vilikuwa vimepungua na watu wameanza kumkumbuka marehemu kwa vituko vyake. Mpwa wake Umazi, msichana ambaye hata hakuwa amezaliwa miaka hiyo thelathini na mitatu iliyopita, akasema huku akicheka na machozi yanamtoka, "Shangazi alikuwa mzuri kwa kila kitu, ila mifugo! Si ndiye aliyemuua punda wa babu? Kwetu mpaka leo mtoto akikosea kulisha mbuzi huambiwa, wewe ni Umazi." Ukumbi mzima ukacheka kwa huruma. Nami nilicheka. Nilisikia sauti yangu ikicheka pamoja nao, nikajiona mtu duni kuliko wote waliokuwamo humo ndani.

Mwaka ule nilikuwa na miaka kumi na saba. Nilikuwa nimemaliza kidato cha nne, nangoja matokeo, sina kazi ila kusaidia jikoni na kusikiliza mambo ya wakubwa. Nyumba yetu ya Msambweni ilikuwa na vyumba vinne, na ukuta baina ya chumba changu na cha Mama haukufika juu, kwa hiyo kila alichokisema Mama usiku nilikisikia kama niko naye kitandani. Hamisi alikuwa amemwoa Umazi miezi minne kabla. Alimpata Ukunda, alikokuja kufanya kazi ya ushonaji, akasilimu, wakafunga ndoa msikitini, harusi ikachezwa, kila kitu kikaenda sawa. Umazi alikuwa na miaka ishirini, mrefu, mwenye meno yenye mwanya na kicheko cha kuitia watu. Alinisuka nywele, alinifundisha kukata gauni bila karatasi. Na Mama alimpenda mchana. Lakini usiku, upande wa pili wa ukuta, nilimsikia akimwambia dada yake aliyekuja kututembelea, "Mtoto ana adabu, sikatai. Ila wale wa nyikani, dada, ukila kwao hujui unachokula." Na yule dada yake akajibu, "Mm." Nililala na maneno hayo, na naona haya kusema kwamba hayakunishangaza hata kidogo.

Baada ya mavuno, baba yake Umazi, Mzee Nyawa, akatuma salamu. Kwao kulikuwa na mashindano ya punda, siku tatu, Ijumaa mpaka Jumapili, na alitaka wakwe zake waje wote. Watu walitoka vijiji vyote vya ukanda ule mkavu wakapiga kambi na watoto wao na sufuria zao, ngoma zikapigwa, mbuzi wakauzwa, na Jumamosi alasiri punda wakashindanishwa. Mwaka ule zawadi ya mshindi ilikuwa tangi kubwa la bati la kukingia maji ya mvua, na mabati ya mifereji juu yake. Usicheke. Kwa mtu wa Msambweni mwenye kisima uani, tangi ni tangi. Kwa mama yake Umazi, aliyefuata maji bwawani mwendo wa saa moja na nusu kwenda na zaidi ya hapo kurudi, lilikuwa ni maisha yake. Na walikuwa na punda wa kuwapatia.

Hamisi, aliyekuwa mpishi katika hoteli moja Diani, aliazima mahema mawili ya kijani yaliyokuwa yakitumiwa na wageni zamani. Mama alipoyaona yametandazwa uani yajaribiwe, alishika kiuno. "Mimi nilale ndani ya mfuko? Na umri huu?" Tulicheka sote, na Umazi alicheka kuliko wote, akamwambia, "Mama, utalala kama malkia, nitakutandikia mwenyewe." Yeye alitangulia Jumatano kwenda kusaidia kwao. Sisi tukabaki kufungasha, na Mama alifungasha kama tunahama: mikate ya sinia, mahamri, samaki wa kukaanga kopo zima, ndimu, chumvi, hata sukari. Kisha akamwamuru Hamisi ajaze madumu manne ya maji ya kisimani kwetu. Hamisi akasema, "Mama, itakuwa aibu." Mama akasema, "Aibu ni kuhara kwenye kambi ya watu." Pikapu ya rafiki yake Hamisi ikapakia mahema, chakula, maji, na sisi juu yake, tukapita Kwale na Kinango, na kadiri tulivyokwenda minazi ikapungua mpaka ikaisha, pakabaki miiba na udongo mwekundu.

Tulifika Ijumaa baada ya sala. Mama Umazi, naye wakati huo hajafika umri nilio nao mimi leo, alitoka mbio kutulaki, kanga imemteleza. Alipowaona Hamisi na dereva wakishusha madumu, alisimama. Akayatazama yale maji masafi, akaweka mikono kichwani. "Mmetuletea maji!" akasema. "Wakwe zangu wametuletea maji! Mungu awabariki." Akaita jirani aje aone. Hamisi akainamia kamba za hema. Mama, ambaye hakuwahi kukosa neno maishani mwake, akasema, "Si kitu, mama, ni kidogo tu," na akaliacha dumu moja lichukuliwe. Matatu tuliyaingiza hemani tukayafunika mkeka. Nilisaidia kuyafunika.

Mahema tuliyapiga nyuma ya nyumba yao, penye uwazi baina ya jiko na ua wa miiba. Hatua kumi kutoka hema letu alifungwa punda. Jina lake lilikuwa Karani, kwa sababu alipokuwa akipakiwa madumu aliinamisha kichwa akatulia, ungedhani anaandika. Alikuwa wa kijivu chafu, sikio moja limechanika. Mzee Nyawa alitupeleka kumwona kabla hata hatujanywa chai. Alikuwa mtu mkavu, wa maneno machache, lakini kwa punda wake alisema. Akatueleza utaratibu wa nyumba yake: punda anayekwenda mashindanoni, siku tatu kabla, hulishwa na mkono mmoja tu. Yeye alimchagua Umazi, kwa sababu Umazi ndiye aliyemlea Karani tangu ni mwana punda, akimlaza mlangoni pake. "Tangu Jumatano halishwi na mtu ila huyu. Hata mimi mwenye punda simpi jani." Nikamwuliza kwa nini. Akanitazama kwa upole, nakumbuka upole ule. "Ili likitokea la kutokea, binti yangu, tujue wa kumwuliza." Umazi alikuwa ameshika kamba, anamkuna Karani shingoni, na nilimwona alivyojaa fahari. Alikuwa ameolewa mbali, na baba yake alikuwa bado anamwamini kwa kitu alichokithamini kuliko vyote.

Chakula kililetwa jua likielekea kuzama. Hamisi alikuwa akila na wanaume mbele ya nyumba. Mama na mimi tulikuwa hemani, na kwa desturi yao wageni wa kike huachwa wale peke yao wasione haya. Umazi na mama yake walileta sinia moja kubwa: sima ya kuwatosha watu sita, bakuli la kunde, na kuku mzima wa kienyeji katika mchuzi wake. Umazi alipiga goti, akamwambia Mama, "Kuku amechinjwa na Mzee Salim, mwenye duka kule barabarani. Mwero alimfuata kwa baiskeli." Mwero alikuwa kaka yake, ndiye aliyekuwa ampande Karani kesho yake. Yaani walikuwa wamefikiria kila kitu. Mama akasema, "Mashallah, ahsanteni sana, Mungu awaongezee," kwa sauti tamu kabisa, wao wakatoka, naye akavuta zipu ya hema mpaka chini. Tulikuwa tumekwisha kula mkate na samaki wetu kabla hawajaja, kimyakimya, kama wezi.

"Chukua ukatupe," Mama akaninong'oneza. "Mbali. Wasione."

"Mama, kuku amechinjwa na Muislamu."

"Ulimwona akichinja? Na sufuria je? Na maji waliyopikia, uliyaona yalikotoka? Hebu usinijibu, Siti."

Nikafunika sinia kwa kanga nikatoka. Kila upande kulikuwa na watu. Barabarani watu, jikoni watu, mbwa wanazunguka. Mahali palipokuwa pamejificha ni nyuma ya hema letu, penye punda. Nikachuchumaa pale, na harufu ya yule kuku ikanipanda puani, nikafunua. Nilimla. Nilimla mzima, mbawa, kidari, kila kitu, vidole vinachuruzika mchuzi, na sijapata kula kuku mtamu vile mpaka leo. Kwa hiyo mtu asiseme kwamba niliogopa haramu au nilichukia mapishi yao. Nilikichukulia kile chakula kuwa kizuri cha kutosha kukila kwa siri, na si kizuri cha kutosha kukila mbele ya waliokipika. Mifupa niliifukia kwa kijiti. Ikabaki sima na kunde, na tumbo limejaa, na Karani amenyoosha shingo.

Nataka niandike hili wazi, maana kuna miaka niliyojidanganya kwamba nilisahau. Sikusahau maneno ya Mzee Nyawa. Niliyakumbuka yote, pale pale, na sinia mkononi. Nikajiambia sima ni chakula, na chakula hakiui. Nikajiambia punda wa mashindano akishiba ndio vizuri. Nikamega kipande, akakichukua kwa midomo laini, nikamsogezea sinia lote. Alikula sima yote na kunde zote, akalamba sinia likang'aa. Nikalifuta kwa kanga nikarudi.

Mama Umazi alipokuja kuchukua vyombo, alilitazama lile sinia, uso wake ukafunguka. "Mmekula!" Mama akamjibu, "Tumekula tukashiba, alhamdulillahi." Yule mama akatoka na sinia, na nikamsikia nje akimwonyesha jirani yake. "Tazama wageni wangu. Hawakubakisha hata punje! Nami nilikuwa naogopa, nikasema watu wa pwani hawa watakula vyetu kweli?" Jirani akapiga kigelegele kimoja kifupi. Mama alikuwa anajifanya anatafuta tasbihi yake. Hatukutazamana.

Asubuhi nilishtuliwa na kishindo. Karani alikuwa chini, anajibiringisha, anapiga tumbo lake kwa miguu yake mwenyewe, na tumbo limemvimba na kukaza kama ngoma. Nilitoka hemani na mkate mkononi, maana nilikuwa nimeanza kula, nikasimama pale nao. Mzee Nyawa alikuwa amepiga magoti. Watu wakaanza kujaa, na wakaanza kusema yale yanayosemwa: ametiliwa kitu, kuna jicho, kuna mtu wa kijiji cha pili alipita hapa jana. Mzee Nyawa akainua mkono wakanyamaza. Akasema neno moja tu. "Umazi."

Umazi alikuja mbio kutoka jikoni. Alimpapasa tumbo, akafungua kinywa cha punda, akatia vidole ndani, shavuni, akatoa kitu. Nilikiona. Kilikuwa kipande cheupe cha sima, kimechanganyika na ganda la kunde. Alikitazama. Kisha akageuza uso, si kwa haraka, akalitazama hema letu, akanitazama mimi. Macho yetu yalikutana muda wa kutosha mimi kusema. Watu wanasema muda kama ule ni mfupi. Si kweli, ulikuwa mrefu sana, ningeweza kusema kila kitu na kuomba radhi juu yake. Umazi akafumba kiganja.

"Ni mimi, baba," akasema. "Jana jioni nilimpa pumba. Nilidhani atapata nguvu."

"Pumba kiasi gani?"

"Nyingi, baba."

Mzee Nyawa hakumpiga wala hakupaza sauti. Aliinuka, akaichukua kamba ya Karani kutoka mkononi mwake, akaizungusha kwenye kiganja chake. "Nilikwambia mkono mmoja, nao ulikuwa wako," akasema. "Kamba ya mnyama wangu usiishike tena. Umeolewa pwani, basi kaa na ya pwani." Umazi akasema, "Naam, baba," na kichwa chini. Mwero alikaa juu ya jiwe, akavua fulana yake mpya ya mashindano, akaikunja.

Niliingia hemani. "Mama, ni mimi. Nilimpa punda chakula." Hakuwa mtu mbaya, mama yangu, Mungu amrehemu, na nilimwona rangi ilivyomtoka. "Ukisema," akasema taratibu, "utasemaje? Utasema tumempa punda chakula chao. Wao wamekwenda kumtafuta mchinjaji kwa baiskeli, sisi tukampa punda. Leo hii baba yake atamchukua binti yake, na atakuwa na haki. Wataka kumvunjia kakako nyumba?" Nikasema hapana. "Basi nyamaza." Kwa miaka mingi nimemtwika Mama jambo hili, nikijiambia aliniziba mdomo. Lakini mdomo ulikuwa wangu. Mama hakunifuata kisimani, hakunifuata jikoni, hakunifuata chuoni nilikokwenda kusomea ualimu. Nimefundisha watoto wa watu miaka ishirini na saba, na nimewachapa kwa kusema uongo.

Walimtembeza Karani, wakamnywesha mafuta, wakamkanda tumbo. Alasiri mashindano yakaanza kiwanjani na sisi tukaenda kutazama. Hamisi alisema tusipokwenda itaonekana tumesusa. Basi tukasimama na wengine penye kamba, na wale vijana wakaja mbio juu ya punda bila matandiko, wamekalia kiunoni, miguu inaburuza vumbi, na punda mmoja akasimama katikati ya njia akakataa katakata, mwenyewe akashuka akaanza kumbembeleza kama bibi harusi. Watu walikufa kwa kicheko. Nami kwa muda nilisahau, nikacheka mpaka nikashika mbavu, na nilipogeuka niliona Umazi hayupo, yuko nyumbani na punda. Tangi lilichukuliwa na watu wa kijiji kingine, wakalibeba juu juu wakiimba. Tuliporudi Karani alikuwa amekufa. Mama Umazi alikuwa ameketi kando yake, mikono mapajani. Alitukaribisha. Aliuliza kama tumeona mashindano vizuri.

Jumapili alfajiri, kabla hatujafungasha, nilimwona Mama Umazi akitoka na dumu kichwani kuelekea bwawani. Mama pia alimwona. Alipotuaga, Mama aliacha madumu yote na maji yaliyobaki ndani yake, akasema ni zawadi. Naamini ilikuwa ni toba yake, nusu nusu.

Kuanzia siku ile mwaka ukawa mwaka wa kujaribu kumwambia Umazi. Umazi alirudi Msambweni akawa yule yule. Alinisuka. Alinicheka matokeo yalipotoka nikalia kwa furaha. Mara moja tulikuwa jikoni, mimi kwenye mbuzi nakuna nazi, yeye anachuja tui, nikasema, "Wifi, ile siku kwenu..." Akasema bila kuinua macho, "Siti, nazi hiyo umeikuna mpaka kwenye kifuu, tutakula mbao." Mara nyingine nilimfuata chumbani kwake nikaanza hivyo hivyo, akanipa gauni nijaribu. Nilijiambia hataki kusikia. Ilinifaa kujiambia hivyo. Mtu anayetaka kusema kweli husema, hata ukimpa magauni kumi.

Mwishoni mwa mwaka alijifungua mtoto wa kwanza, na Mzee Nyawa akaja na mbuzi wa kumchinjia mjukuu. Nilikuwa nimesimama ukumbini na sinia la kahawa. Yule mzee aliingia uani anamvuta mbuzi, na Umazi, mtoto begani, akatoka kumpokea, akanyoosha mkono ulio wazi aishike kamba, kama mtu aliyefanya hivyo tangu utoto. Baba yake akaupita ule mkono. Akampa kamba Hamisi, ambaye alikuwa mtu wa hoteli, hata kumshika mbuzi hakujua, mbuzi akamkokota uani na watu wakacheka. Mkono wa Umazi ulibaki hewani kidogo, kisha ukamfuta mtoto mate. Nilikuwa naona kila kitu. Kahawa ilipoa mikononi mwangu. Mzee Nyawa alifariki miaka kumi na moja iliyopita, na sijasikia kwamba alimpa tena binti yake kamba yoyote.

Jana adhuhuri nilimwandalia mama yake wali wa nazi na samaki wa kupaka. Anakula polepole siku hizi, anamega kidogo kidogo. Nilikaa mbele yake mkekani. Nikasema, "Mama, nina jambo." Kisha nikasema yote, tangu sinia mpaka kuku, tangu madumu mpaka kipande alichokifumba Umazi. Nilisema huku natazama mkeka. Nilipomaliza alikuwa amesimamisha mkono juu ya sahani.

"Najua," akasema. "Umazi alinionyesha siku ile ile. Kilikuwa kimemkaukia mkononi. Akanambia, mama, baba asijue, atanirudisha nyumbani, nami nampenda mume wangu. Nikanyamaza kwa ajili yake."

"Ulijua miaka yote hii?"

"Kwani hukuona kwamba sikuwapikia tena?"

Hapo ndipo iliponiingia. Idi zote tulizokwenda kuwasalimu, harusi ya Mwero, hata msiba wa mumewe, yule mama alitukaribisha kwa soda za chupa na biskuti za pakiti, na kifungulio akakiweka mezani tujifungulie wenyewe. Hakuna kitu hata kimoja kilichopita mikononi mwake. Nami nilirudi pwani nikimsifu. Niliwaambia watu: mama yule ana heshima, hutununulia vya dukani. Nililia pale mkekani nikamshika miguu yake iliyovimba, nikamwomba radhi, nikamwambia sikuwa na haki hata ya kumweka nyumbani mwangu.

Aliniacha nilie. Kisha akasema, bila ukali, "Mimi nilikwisha kukusamehe. Ulikuwa mtoto. Lakini aliyenyang'anywa baba si mimi, Siti, na yule mwenyewe tumemzika." Akasogeza sahani mbele yangu. "Niongeze wali. Nina njaa."

Nikainuka. Nilisimama jikoni na mwiko mkononi, mwalimu mzima wa miaka hamsini, nalia kwa sauti, na mama wa marehemu ameketi ukumbini ananingoja nimpakulie.